Nguo iliyofumuliwa: namna bamama walivyojifunza kushona nyumbani

Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba kushona kulifika kwetu pamoja na masista na zile foaye za wakati wa Wabelgiji. Sisi hatukubali yote. Kabla ya 1890, wafanyabiashara Waswahili wa Kasongo na Nyangwe walikuwa wameleta merikani, kitambaa cha pamba kilichotumika hata kama franga, na pamoja nacho kanzu. Tena watu wa pwani walishona kwa mkono, wanaume wenyewe, bila haya.

Foaye zilienea hasa kisha vita ya 1940-1945, katika cité za miji mikubwa kama Elisabethville na Léopoldville. Bamama walifunzwa kushona, kupiga pasi, kupika na kulea mtoto. Tuseme wazi: walitafuta bibi mzuri wa mfanyakazi. Fundi wa barazani, mwenye mashini ya kukanyaga, alibaki mwanaume, na siri ya kukata kitambaa alikaa nayo.

Basi wengi waliiona siri hiyo wapi? Ndani ya nguo ya zamani.

Katika miaka ya 1970, Mobutu alikataza kostimu na kravati, ikaja abakosti. Bamama wakakatazwa suruali, wakarudi kwenye vikwembe. Tarehe 24 Aprili 1990 alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kravati ikaruhusiwa. Abakosti zikalala katika masanduku. Kisha ukaja uporaji wa 1991 na wa 1993, bei zikapanda kila siku, mshahara wa mwalimu haukununua kitu. Lakini Septemba ikifika, mtoto anaombwa bluu na nyeupe, la sivyo anarudishwa nyumbani.

Kwetu, mama alitwaa suruali iliyochakaa, akafumua mishono yote kwa wembe, polepole, bila kupasua. Akahesabu vipande: viwili vya mbele, viwili vya nyuma, mkanda, mifuko. Akavilaza juu ya gazeti, akachora pembeni, akaongeza upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Hapo ndipo aliona kwamba kipande cha nyuma kinapanda juu kuliko cha mbele. Mwenye kukata vyote sawasawa, mtoto akiinama tu darasani, paa! imepasuka. Abakosti moja ya bluu ilitoa kaptula mbili, na mifuko yake ilitumika tena.

Kikwembe ni mambo mengine. Kipande kizima ni yadi 6, na makasi yakikosea hapo, hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana anayejifunza peke yake huanza na foronya, kisha sketi ya lastiki, libaya baadaye kabisa. Na aangalie picha za kitambaa zinaelekea wapi! Tumeona libaya ambalo ndege wote wa mgongoni walitazama chini. Mwenyewe alilivaa vilevile, tena kwenye misa ya Pasaka.