Breki Imekuwa Ikivuja Miaka Mia, na Dawa ni Ile Ile Raba

Wasee, kuna tabia lazima tuiongelee. Gurudumu la nyuma limelowa upande wa ndani, pedali imeanza kuzama, halafu mwenye gari ananunua chupa ndogo ya mafuta ya breki anajazia. Wiki ijayo anajazia tena. Chupa inaishi chini ya kiti kama abiria wa kudumu. Hapa Kabati nimeona hiyo chupa kwa magari mengi sana, na msimamo wangu ni mmoja: kujazia si kutengeneza. Historia ya breki yenyewe inanibeba.

Turudi nyuma kidogo. Magari ya zamani yalisimamishwa na fito na kebo. Unakanyaga, chuma kinavuta breki. Shida ni kwamba magurudumu hayakuvutwa sawa, kwa hivyo gari lilivuta upande mmoja. Mmarekani Malcolm Loughead akapata hataza ya breki za kutumia majimaji mwaka 1917. Wazo lake lilikuwa rahisi: majimaji ndani ya paipu hayabanwi, kwa hivyo presha ya mguu wako inafika kila gurudumu kwa usawa. Huyu jamaa na ndugu yake Allan walikuwa pia waunda ndege, na jina lao ndilo lilikuja kuandikwa Lockheed. Mwaka 1921 gari la mbio la Duesenberg lilishinda Grand Prix ya Ufaransa kule Le Mans likiwa na breki za aina hiyo.

Lakini zilivuja. Sili za mwanzo zilikuwa za ngozi, na unajua ngozi ikikauka inakuwaje. Wahandisi wa Chrysler waliweka vikombe vya raba, na gari lao la mwaka 1924 likauzwa na breki za majimaji kwa magurudumu yote manne. Henry Ford hakuziamini. Magari yake yalibaki na breki za fito na kebo hadi modeli za 1939. Yaani ubishi wa miaka mingi, kati ya matajiri wakubwa wa Marekani, ulihusu kuvuja. Waliomaliza ubishi ni wale waliobadilisha raba.

Breki za diski nazo zina safari yake. Frederick Lanchester alichukua hataza yake Uingereza mwaka 1902, lakini dunia ilistuka mwaka 1953, Jaguar C-Type iliposhinda Le Mans ikiwa na diski. Mwaka 1955 Citroën DS ikazileta kwa gari la watu wa kawaida. Ndani ya kalipa kuna pistoni, na kuzunguka hiyo pistoni kuna raba moja ya duara. Hiyo raba inafanya kazi mbili. Inazuia mafuta yasitoke, na ukiachilia pedali inairudisha pistoni nyuma kidogo ili pedi zisiendelee kukwaruza diski. Ikichoka, unapoteza vyote viwili.

Sasa njoo kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo Subaru nyingi zinashuka Mombasa zikiwa na miaka saba hivi. Raba nayo ina umri huo huo. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwa 155. Hayo maji yanaleta kutu kwa pistoni, kutu inakwaruza raba, na safari ya kuvuja inaanza. Ongeza vumbi la Kitui linaloingia kwa kifuniko cha raba kilichopasuka, umemaliza.

Mbona watu wanapuuza ya nyuma? Kwa sababu breki za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa, na mfumo umegawanywa mara mbili ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. Marekani ililazimisha huo mgawanyo mwaka 1968. Ni ulinzi wa kukufikisha kando ya barabara. Hukuwekewa uendeshe nao mwezi mzima.

Kuna watu watasema hii si kazi ya nyumbani. Huku Ukambani, wahunzi walikuwa wakivuta waya na kusuka mikufu myembamba ya chuma na shaba kabla reli haijafika. Baadaye jua kali ikabeba nchi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, mwaka 1972, iliifanya dunia iheshimu kazi hizi. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, na baada ya hapo mafundi wakaanza kujengewa vibanda. Mikono tunayo. Kinachokosekana ni kukataa njia ya mkato.

Basi fanya hivi. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwa magurudumu ya mbele, halafu achilia handbreki. Inua, weka stendi. Jeki pekee haitoshi. Tafuta mafuta yanatoka wapi: kwa boliti ya paipu, kwa skrubu ya kutolea hewa, au kwa pistoni. Kama ni boliti, mara nyingi washa mpya za shaba zinatosha. Kama ni pistoni, toa pedi, weka kipande cha mbao, mwambie mwenzako akanyage pedali polepole hadi pistoni itoke. Vidole vikae mbali. Kwa magari ambayo handbreki inavuta kalipa yenyewe, kama Golf nyingi, pistoni inazungushwa, haisukumwi.

Safisha kwa mafuta mapya ya breki. Petroli na oili ya injini zinafurisha raba. Pistoni yenye mashimo ya kutu haisamehewi, nunua nyingine. Raba mpya ilowe mafuta ya breki kabla ya kuingia. Pedi zilizolowa mafuta, tupa. Kisha toa hewa: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua skrubu na kuifunga kabla mguu haujaachiliwa, na mkebe wa mafuta usikauke kamwe. Pedali ikiwa laini bado, hujamaliza, na gari halitoki. Ikikataa kabisa, ita fundi aje aangalie.

Siku hizi lami inatoka Kibwezi, inapita Mutomo na Kitui mjini, inafika Kabati na kuendelea Migwani. Tulipokuwa tukiendesha kwa mashimo, mwendo wenyewe ulikuwa breki. Leo mtu anapita sokoni kwa kasi, na anayevuka ni mama na mtungi wake au mtoto wa shule. Huyo mtoto hajui chochote kuhusu chupa iliyo chini ya kiti chako. Nunua raba.