Morogoro: Burudani Iliyoutangulia Mpango

Mipango ya burudani ya jamii, yaani utaratibu ambao mamlaka ya mji hutenga ardhi, fedha na watumishi ili wakazi wapate michezo, muziki na mapumziko baada ya kazi, huhesabiwa na wengi kuwa shughuli ya maofisa na ramani zao. Historia ya Morogoro yatoa picha tofauti kidogo, kwa kuwa katika mji huu ulio chini ya milima ya Uluguru serikali, iwe ya kikoloni au ya Uhuru, mara nyingi iliwakuta wakazi wameshajipangia starehe zao.

Kwa Waluguru wa milimani, kalenda ya ngoma ilifuata mavuno na malezi ya vijana, hasa unyago wa mwali, ambao ni mafunzo ya msichana aliyevunja ungo. Reli ya Kati ilipofika Morogoro mwaka 1907 na mashamba ya mkonge yakaanza kukusanya vibarua kutoka pande nyingi, mji ulipata wakazi wasio na kalenda moja, ambao walihitaji burudani isiyofungwa na ukoo. Miongoni mwa majibu yaliyoenea katika miji ya Tanganyika ya wakati huo ni beni, ngoma iliyoanzia pwani kwa kuiga gwaride na bendi za kijeshi, na iliyokuwa na vyama vyenye vyeo na mashindano makali, vikiwemo Marini na Arinoti. Utawala wa kikoloni uliviangalia vyama hivyo kwa shaka, na kazi yake kubwa ikawa kutoa au kunyima vibali vya ngoma.

Mtazamo huo ulibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili, pale Uingereza ilipotenga fedha za maendeleo na ustawi kwa makoloni yake, na Idara ya Ustawi wa Jamii ya Tanganyika ikaanza kujenga vituo vya jamii mijini, awali kwa kuwafikiria askari waliorudi kutoka vitani. Kituo cha namna hiyo kilikusudiwa kuwa na chumba cha kusomea magazeti, madarasa ya jioni, michezo ya ndani na ukumbi wa dansi, na nyuma ya mpango huo lilikuwepo lengo la kumlea Mwafrika wa mjini awe raia mtulivu. Waliovitumia zaidi walikuwa makarani na wasomi wachache, huku umma mpana ukibaki na ngoma zake, vilabu vya pombe na mpira. Matokeo hayo hayashangazi, maana starehe inayotolewa kama somo haina wateja wengi.

Wakati maofisa wakihesabu mahudhurio, Morogoro ilikuwa imeshapata muziki wake. Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944, na mwaka 1948 mwanamuziki Salum Abdallah akaanzisha kundi lililokuja kujulikana kama Cuban Marimba, jina linaloonyesha jinsi santuri za Kuba zilivyopendwa na vijana wa enzi hizo. Bendi za dansi za kipindi hicho kwa kawaida zilikuwa vyama kabla ya kuwa biashara, zikiwa na wanachama, viongozi na mashabiki waliozitetea kama timu za mpira za Simba na Yanga zinavyotetewa leo. Ushindani wa bendi hizo mbili uliupa mji mdogo wa reli na mkonge sifa iliyovuka mipaka ya Tanganyika. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiongoza Cuban Marimba baada yake. Upande wa pili, mpiga gita Mbaraka Mwinshehe aliipandisha Morogoro Jazz hadi ikaiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akaondoka na kuunda Super Volcano. Hakuna kituo cha ustawi kilichowahi kupanga jambo la ukubwa huo.

Serikali ya Uhuru iliupa utamaduni wizara mwaka 1962, na mwaka 1967 sheria ikaunda Baraza la Michezo la Taifa pamoja na kamati zake za mikoa na wilaya. Hata hivyo, katika miaka ya ujamaa mfadhili wa kweli wa burudani alikuwa mwajiri, yaani shirika la umma au kiwanda, lililogharimia jezi, usafiri na mara nyingine ala za muziki. Morogoro, uliokuwa mji wa viwanda, ulizijua vizuri timu kama Reli na Tumbaku. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro moja iliyojificha, kwamba mashirika yalipodhoofika na kubinafsishwa kuanzia miaka ya 1990, burudani iliyotegemea bajeti zao nayo ilidhoofika, na halmashauri hazikuwa zimejiandaa kuipokea.

Kilichobaki mikononi mwa mamlaka ya mji ni ardhi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazitambua sehemu za wazi, yaani maeneo yasiyojengwa yaliyotengwa kwa matumizi ya umma, lakini katika miji mingi nchini maeneo ya aina hiyo yamevamiwa au kubadilishiwa matumizi. Hata Uwanja wa Jamhuri, uwanja wa mpira wa Morogoro, kama ilivyo kwa Sokoine wa Mbeya na Kirumba wa Mwanza, si mali ya halmashauri bali ni ya Chama cha Mapinduzi. Juu ya mji, misitu ya Uluguru inalindwa kama hifadhi ya mazingira asilia, na njia zake za kupanda kuelekea Morningside na kilele cha Lupanga zinawavutia wageni na wanafunzi. Lakini mlima hauwezi kuchukua nafasi ya kiwanja cha mtaani, kwa kuwa mtoto wa kata ya pembezoni hapandi Lupanga kila jioni baada ya shule. Halmashauri ya Manispaa ya Morogoro haina haja ya kuwafundisha wakazi wake kucheza wala kuimba. Iwapimie viwanja vya wazi katika kila kata mpya, ivipatie hati na ivilinde, nao watajua la kufanya.