Mizinga ya Königsberg Chini ya Usambara

Waingereza walipoingia Wilhelmstal, Lushoto ya leo, Juni 1916, mapigano makali ya reli ya Tanga hadi Moshi yalikuwa yameshapita. Miezi mitatu nyuma, huko Kahe, reli hiyo ililindwa na mzinga wa milimita 105 uliotengenezwa kwa ajili ya bahari. Ulitoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo kamanda wake, Max Looff, hakuwa na chombo tena.

Looff aliwasili Dar es Salaam Juni 1914. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza aliikamata meli ya mizigo City of Winchester, na alfajiri ya 20 Septemba akaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Unguja. Kisha akajificha Rufiji, ndani ya mikoko. Waingereza walimfungia mlango wa bahari kwa miezi, hadi meli za kina kifupi, Severn na Mersey, zilipopenya mtoni. Tarehe 11 Julai 1915, akiwa amejeruhiwa, Looff aliamuru meli yake ilipuliwe.

Mizinga yote 10 iliopolewa. Mamia ya watu waliivuta kwa kamba, wakipita matope na vichaka hadi Dar es Salaam, ambako mafundi waliiundia magurudumu. Habari za Looff zimeandikwa mara nyingi. Za wavuta kamba, hata majina ni shida kuyapata. Hilo ni pengo kubwa, maana bila mabega yao mizinga ile isingefika popote.

Mzinga wa Kahe haukuondoka. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipokaribia, Machi 1916, Wajerumani waliulipua wenyewe, kisha wakarudi nyuma wakiifuata reli hadi Mombo, inakoanzia njia ya kupanda Lushoto.

Looff alikwenda kupigana kusini, upande wa Lindi. Novemba 1917, huko Nambindinga, kamanda wa jeshi la Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipunguza jeshi ili avuke Ruvuma. Wagonjwa na waliochoka, Wazungu na askari wa Kiafrika kwa mamia, waliachwa wamsubiri adui. Looff akaachwa nao, akawa mateka.

Upande wa pili, daktari wa majini wa Uingereza, Holtom, naye aliwahi kuwa mateka: alikamatwa bandarini Dar es Salaam Novemba 1914. Hakuonja uhuru mpaka Wabelgiji walipoitwaa Tabora, Septemba 1916, na baadaye akaandika kitabu kuhusu miaka hiyo miwili.

Looff alirudi kwao baada ya vita na kufariki mwaka 1954. Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mmoja wa Pegasus.