Wimbo na Sadaka ya Krismasi

Kila Desemba sisi wanakwaya hutoka jioni kuimba nyumba hadi nyumba, nanyi hutupokea kwa chai na sadaka. Katika mwaka huu wa jubilei tumeona vyema kukumbuka jinsi wimbo na sadaka vilivyoandamana zamani huko Uingereza, zilikotoka nyimbo nyingi za Krismasi tunazoimba.

Huko Krismasi huja wakati wa baridi kali, na zamani vibarua vya shambani vilikuwa haba majira hayo. Tarehe 21 Desemba, iliyokuwa sikukuu ya Mtakatifu Tomaso, wajane na wanawake maskini walizunguka kwa wenye mashamba wakiomba ngano, wapate unga wa sikukuu. Walioimba milangoni nao mara nyingi walikuwa maskini. Waliimba ili wapate chakula au senti chache.

Mwaka 1853 kasisi wa Kianglikana, John Mason Neale, alichapisha wimbo kuhusu Wenceslas, mtawala wa Bohemia katika karne ya 10. Wimbo wasimulia siku ya Mtakatifu Stefano, tarehe 26 Desemba, ambayo sisi twaiita Boxing Day. Mtawala anamwona maskini akiokota kuni kwenye theluji. Hamwiti aje mlangoni. Anabeba chakula na kuni, anamfuata hadi kwake.

Neale alijua alichokiandika. Tangu mwaka 1846 hadi alipofariki mwaka 1866, alikuwa msimamizi wa Sackville College, makao ya wazee maskini huko East Grinstead, kwa mshahara mdogo wa takriban pauni 27 kwa mwaka. Mwaka 1855 alianzisha shirika la masista waliowauguza maskini majumbani mwao.

Historia hii imetugusa. Kwa miaka mingi sadaka zenu za Desemba tumezitumia kwa sare, kinanda na nauli ya mashindano. Si vibaya, lakini zamani aliyeimba mlangoni ndiye aliyekuwa na njaa. Sisi twaimba tukiwa tumeshiba.

Kwa hiyo tumekubaliana: Desemba hii, yote tutakayopewa milangoni yatakwenda kwa wajane na wazee wa ushirika wetu. Wala hatutawaita waje kanisani kupanga foleni. Tutawapelekea wenyewe, na tukifika, tutawaimbia.