"Mnyang'anyi" au "Mdai Enzi"? Ushahidi wa Sarafu za Roma

Mfasiri wa historia ya Roma ya kale huvutwa kumwita jemadari aliyejitangaza Kaisari akashindwa "mnyang'anyi wa enzi". Istilahi hii yafaa ichunguzwe.

Mwaka 193 B.K. majeshi yalimtangaza Septimius Severus kuwa Kaisari huko Carnuntum, katika Austria ya leo. Aliwashinda wapinzani wake, akatawala hadi mwaka 211. Vitabu vyamwita Kaisari. Yapata mwaka 260 majeshi ya mpaka wa mto Danube yalimtangaza Regalianus, na sarafu zake zikatolewa Carnuntum hiyo hiyo. Zilikuwa dinari kuukuu za fedha, nyingi za nasaba ya Severus, zilizopigwa chapa upya. Katika baadhi yake sura ya zamani ingali yaonekana chini ya ile mpya. Nazo zamtaja kwa vyeo vile vile: Imperator na Augustus. Haukupita muda mrefu akauawa.

Basi kilichowatenga wawili hawa ni ushindi, wala si njia ya kuipata enzi. "Mnyang'anyi" ni hukumu ya mshindi, na kazi ya istilahi ni kueleza. Twapendekeza "mdai enzi". "Mnyang'anyi" litumike pale tu mwandishi wa matini asilia anapokusudia kulaani.