Unyevu ndani ya nyumba: mambo ya kukagua kabla ya mvua

Ukaguzi wa unyevu ni uchunguzi wa mara kwa mara unaobaini maji yanakoingilia kabla hayajadhoofisha ukuta. Wilayani Rubavu jambo hili lina uzito wa pekee. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, Mei 22, 2021, ilipasua kuta za nyumba nyingi mjini Gisenyi. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulifurika na kubomoa makazi; mafuriko na maporomoko ya usiku huo yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda.

Tofali bichi la udongo hunyonya maji ya ardhini na, likilowa, hushindwa kubeba uzito. Dalili zake ni rangi inayobambuka, chumvi nyeupe chini ya ukuta, uvundo, na lipu inayotoa mlio wa uwazi ikigongwa.

Ukaguzi hufaa kufanywa mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika ya Machi na kabla ya mvua za Septemba. Huanzia paani, kisha mifereji, msingi, na nyuma ya makabati. Ncha za ufa hutiwa alama ya penseli pamoja na tarehe. Ufa ukivuka alama, ukuta ungali unasogea.

Kuufunika unyevu kwa lipu ya saruji huufungia ndani ya tofali. Ukuta ukivimba au kuinama, familia huhama kwanza. Fundi huitwa baadaye.