Mama aliyepigwa nyumbani na njia ya tribinali



Mama akipigwa na bwana yake, mara nyingi anaambiwa: "Hayo ni mambo ya nyumba, leta haiingie." Neno hilo lina historia.

Wakati wa Wabelgiji, toka mwaka 1926, korti za kimila zilitambuliwa na sheria, na magomvi ya ndoa yalipelekwa mbele ya wazee. Lakini tarehe 30 Januari 1940 ikatoka kode penali. Kipengele cha 46 kinamfunga ye yote anayempiga mwenzake kwa kusudi siku 8 mpaka miezi 6. Kipengele cha 47 kinasema hivi: kama aliyepigwa amepata ugonjwa, ameshindwa kazi au amelemaa, kifungo ni miaka 2 mpaka 5. Hapakuandikwa po pote "isipokuwa bwana wa nyumba".

Mwaka 1987 Kode ya Familia ilidai mke apate ruhusa ya bwana kwa kwenda tribinali, lakini kwa mambo ya kiraia tu. Kwa kipigo ruhusa haikuhitajika. Na mwaka 2016 hata ruhusa ile ilifutwa.

Mwaka 2006 Katiba, kipengele cha 14, ikaamuru viongozi wapigane na jeuri juu ya mwanamke, hadharani na faraghani pia. Mwaka ule ule sheria mpya ikataka kesi za ubakaji zihukumiwe katika miezi 3. Kesi za kipigo hazikupewa muda huo, zinaweza kukawia.

Basi, mama atazamie nini? Kwanza daktari, amwandikie karatasi ya majeraha. Kisha polisi au parke, ambapo ataulizwa siku, saa na mashahidi. Parke ikiona kosa, inapeleka kesi kwa tribinali ya amani. Hapo mama anaweza kuomba fidia pia. Ajue kwamba kesi ni ya leta: akisamehe, parke inaweza kuendelea.

Sasa sikilizeni vizuri. Sheria inahesabu siku. Kipigo cha kipengele cha 46, bila kupanga mbele, kinakufa baada ya mwaka 1; kile cha 47, baada ya miaka 3. Uchunguzi ukifanywa ndani ya muda huo, hesabu inaanza upya. Wazee wakikaa miezi na miezi wakigawanya mbuzi, kesi inawafia mikononi.

Mwezi wa Januari 2025 M23 ilipoingia Goma, kazi ya tribinali za serikali ilikatika, na wafungwa wakatoroka gereza la Munzenze. Jamaa nyingi zilihama tena. Lakini karatasi ya daktari, ikihifadhiwa kavu katika nailoni pamoja na majina ya mashahidi, inahama na mwenyewe. Popote atakapoikuta parke inayofanya kazi, ataitoa.

Mashefu, kupatanisha ni kazi njema. Lakini upatanisho usimzuie mama kwenda kwa daktari siku ile ile. Ukimzuia, umekwisha kumhukumu, wala hukumsikiliza.